GPS mpya ya mwindaji wa Likasi: mpaka kwanza, bei baadaye

LIKASI, Haut-Katanga – Kila kiangazi, nyasi zinapokauka na njia za porini kupitika tena, wawindaji wa Likasi na wa vijiji vya wilaya ya Kambove hurudi msituni. Aliye na uwezo hubeba, pamoja na bunduki, kisu na unga wa safari, kifaa kidogo cha GPS cha mkononi. Kifaa hicho kikizeeka, kioo kikipasuka au kikikataa kuwaka, swali la kwanza dukani huwa moja: bei gani?

Swali hilo lina haki yake, lakini si la kwanza. Katika nchi inayouzunguka mji huu, mwindaji haponzwi sana na kupotea njia. Anaponzwa na kuvuka mpaka asiouona. Msitu wa miombo hauna ukuta. Mtu anaweza kuondoka kijijini asubuhi akiwa kwenye ardhi ya mtemi wake, saa sita mchana akawa ndani ya kibali cha kampuni ya madini, na siku ya tatu akawa kwenye ardhi ya hifadhi ya taifa, bila kukuta bango hata moja. Kwa hiyo kifaa kinachofaa ni kile kinachoweza kubeba mipaka hiyo na kuionyesha ipasavyo. Na hapo ndipo suala linapotoka dukani na kuingia serikalini, kwa sababu mipaka yenyewe haijamfikia mwindaji.

Ardhi moja, wenyewe wengi

Likasi iko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Kaskazini yake, mbali, kuna Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939. Kaskazini-mashariki kuna Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970. Kati ya hifadhi hizo mbili kuna eneo la uwindaji la Lubudi-Sampwe, linaloziunganisha. Mashariki ya mji liko bonde la mto Lufira pamoja na ziwa Tshangalele, ambako UNESCO ilitambua hifadhi ya baiolojia mwaka 1982.

Kila jina kati ya hayo lina sheria yake. Ndani ya hifadhi ya taifa kuwinda ni marufuku. Ndani ya eneo la uwindaji, mwenye kibali anaweza kuwinda kwa masharti. Upemba na Kundelungu zina pia maeneo ya pembezoni, ambako watu wanaishi na kulima, na masharti yake si yale ya eneo la ndani. Zaidi ya hayo, mipaka ya Upemba imebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 1939. Mzee aliyefundishwa mpaka na baba yake anaweza kuwa anasema kweli, lakini kweli ya mpaka wa zamani.

Juu ya ardhi hiyohiyo kuna tabaka jingine: madini. Ukanda wa shaba na kobalti unapita Likasi, Kambove, Kakanda na Fungurume kuelekea Kolwezi. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, imeigawa nchi nzima katika miraba. Kila mraba una upande wa sekunde 30 za digrii, na sheria inauhesabu kuwa hekta 84.955. Kibali cha kampuni ni mkusanyiko wa miraba hiyo. Porini haionekani, inaishi kwenye ramani za ofisi ya Cadastre Minier, CAMI.

Mtu mwenye bunduki anayekutwa ndani ya kibali hicho hatazamwi kama mwindaji aliyepotea. Walinzi wa kampuni na polisi wa migodi humwona kwanza kama tishio. Na kuna sehemu ambako hata asiye na bunduki hapaswi kuingia: Shinkolobwe, takriban kilomita 20 kutoka Likasi, mgodi uliotoa urani ya bomu la Hiroshima, ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 2004.

Wakati mwingine tabaka hizi hulaliana. Katika jimbo jirani la Lualaba, eneo la uwindaji la Basse-Kando lina vibali vya madini ndani yake, na mashirika ya kiraia yamelalamika kwa miaka mingi kuhusu hali hiyo. Ikiwa dola lenyewe limetoa haki mbili juu ya kipande kimoja cha ardhi, mwindaji wa kijijini atajuaje yuko kwa nani?

Kifaa kinajua ulipo, hakijui pa nani

GPS ya mkononi haina uchawi. Inasikiliza setilaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, inapima muda ambao ishara zimechukua kufika, kisha inakokotoa mahali ilipo. Haihitaji laini ya simu, vocha wala mnara wa mtandao. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuivuruga kwa makusudi ishara ya matumizi ya kiraia, kifaa cha kawaida mahali penye mbingu wazi hukosea kwa mita chache tu. Vifaa vya leo husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China.

Jibu linalotoka ni tarakimu mbili: umbali kutoka ikweta na umbali kutoka mstari wa Greenwich. Likasi iko karibu na digrii 11 Kusini na digrii 26 na dakika 44 Mashariki. Tarakimu hizo hazisemi kama uko kwenye hifadhi, kibali au shamba la jirani. Ili kifaa kiseme hivyo, lazima mtu awe amekiwekea mpaka.

Na hapa kosa dogo linaweza kugharimu sana. Tuseme mpaka unapita digrii 10, dakika 40, sekunde 30 Kusini. Mwindaji anaandikiwa tarakimu 10-40-30 kwenye karatasi. Kifaa chake kimewekwa kusoma digrii na dakika zenye desimali, naye anaingiza 10 na 40.30. Sekunde 30 ni nusu dakika, yaani ilipaswa kuwa 40.50. Mpaka umehama mita 370 hivi, zaidi ya theluthi moja ya upande wa mraba wa madini. Akiingiza tarakimu zilezile kama digrii zenye desimali, 10.4030, mpaka umehama kilomita 30. Hakuna kilichoharibika kwenye kifaa, na kioo kinaonyesha kila kitu kikiwa sawa.

Kosa la pili ni la ramani za karatasi. Ramani nyingi za zamani za Katanga zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uliotumika enzi za ukoloni, siyo mfumo wa WGS 84 unaotumiwa na GPS. Kuchukua tarakimu kutoka kwenye ramani hizo na kuziingiza moja kwa moja kunaweza kukusogeza zaidi ya mita mia moja. Anayenunua kifaa kipya ahakikishe mambo mawili kabla hajaondoka dukani: kinasoma WGS 84, na anajua jinsi ya kubadili namna kinavyoandika digrii. Dakika tano za kujifunza hapo zina faida kuliko kioo cha rangi.

Simu au kifaa?

Wengi Likasi watauliza: kwa nini ninunue kifaa, na simu yangu ina GPS? Hoja hii ina nguvu. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea mita tano hivi, kiasi kinachotosha kabisa kwa kazi ya mpaka. Programu za bure kama OsmAnd na Organic Maps hufanya kazi bila intaneti, mradi ramani ipakuliwe mjini kabla ya safari. Ramani ya simu ni kubwa na inaeleweka hata kwa mtu ambaye hakusoma sana.

Udhaifu wa simu uko kwingine. Ikiwashwa GPS siku nzima, betri yake huisha kabla ya usiku wa kwanza au wa pili. Kioo chake hakisomeki vizuri jua la saa saba. Ikianguka kwenye jiwe au ikilowa mtoni, umepoteza dira, simu na mara nyingi pesa zako zilizomo kwenye simu, vyote kwa pigo moja.

Kwa mtu anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo, simu pamoja na betri ya akiba inatosha, na pesa za kifaa azitumie kwa mambo mengine. Kwa anayelala porini siku tatu au zaidi, kifaa maalumu bado kina kazi, na simu ibaki imezimwa mfukoni kwa ajili ya dharura.

Kipimo cha umeme

Kwa anayeamua kununua kifaa, jambo la kuangalia kabla ya mengine ni chakula chake: kinakula umeme wa namna gani? Umeme wa SNEL hukatika hata mjini, na vijiji vingi vya Kambove na Mitwaba havina kabisa. Hivyo swali si saa ngapi betri hukaa kwenye tangazo, bali utaijaza wapi ikiisha.

Vifaa vya mkononi leo vimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hutumia betri ndogo za AA, zile za tochi. Garmin eTrex SE, iliyotoka mwaka 2023, hutumia betri mbili za AA, na mtengenezaji anasema hukaa hadi saa 168 katika matumizi ya kawaida. GPSMAP 65, ya mwaka 2020, nayo hutumia AA lakini huzimaliza baada ya saa 16 hivi, kwa sababu husikiliza masafa mawili ya kila setilaiti ili kupunguza makosa yanayotokana na miti na mabonde. Kundi la pili lina betri ya ndani ya kuchaji: GPSMAP 67, ya mwaka 2023, inatajwa kukaa hadi saa 180, na eTrex Solar hujichaji kwa jua.

Kwenye karatasi kundi la pili linapendeza. Lakini betri ya ndani ikifa baada ya miaka kadhaa, fundi wa kuibadilisha bila kuharibu muhuri wa maji si rahisi kumpata hapa. Betri ya AA inapatikana duka lolote la kijijini. Zile za bei ya chini huisha haraka, kwa hiyo ni busara kununua za kuchaji jozi mbili na kuzijaza kwa sola ndogo ya nyumbani. Kwa mwindaji wa Likasi, kifaa cha AA ndicho chaguo la busara, hata kama ni cha kawaida.

Usahihi wa masafa mawili nao upimwe kwa hali ya hapa. Miombo si msitu wa ikweta. Kiangazi miti mingi hupukutisha majani, na mbingu inaonekana. Tofauti kati ya kukosea mita mbili na mita tano haimwokoi mtu ambaye mpaka wake aliuandika vibaya kwa mita 370. Vivyo hivyo, muuzaji akisifu WAAS au EGNOS kama sababu ya kuongeza bei, mnunuzi ajue mifumo hiyo ilijengwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya.

Kinachostahili kulipiwa ni uwezo wa kupokea faili. eTrex SE haina ramani ndani yake. Huonyesha alama na njia tu, ingawa huunganishwa na simu. Vifaa vyenye ramani na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kama eTrex 22x ya mwaka 2019, humwezesha mtu kuweka mstari wa mpaka na kuuona ukikaribia. Kwa shabaha ya makala haya, kifaa cha zamani kidogo chenye kadi kinashinda kipya kisicho na ramani.

Mtego wa mitumba

Soko la mitumba lina vifaa vizuri, lakini lina mtego mmoja usiojulikana sana. Setilaiti za GPS huhesabu wiki kwa tarakimu zinazofika 1,024 kisha huanza upya. Hesabu ilianza upya Agosti 1999, tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na itarudia Novemba 2038. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma, ingawa mahali vinaonyesha sawasawa.

Je, tarehe ina maana gani kwa mwindaji? Ina maana kubwa. Kongo ina sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, inayodai kibali na inayotambua vipindi ambavyo uwindaji hufungwa. Njia iliyorekodiwa na GPS inaonyesha mtu alipita wapi na lini. Mtu aliyeshikwa karibu na mpaka, akituhumiwa kuwa alitoka ndani ya hifadhi, anaweza kuonyesha njia hiyo. Si hukumu, lakini ni kitu cha kuweka mezani mbele ya mlinzi au hakimu. Njia yenye tarehe ya mwaka 2006 haimsaidii mtu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mtumba: uwashe nje, chini ya mbingu wazi, usubiri dakika kadhaa, utazame tarehe, kisha ulinganishe mahali na simu. Na kabla ya kutupa kifaa cha zamani, kihamishe kilichomo. Visima, vivuko, makambi na makaburi ya wazee yaliyowekwa alama kwa miaka kumi yana thamani kuliko kifaa chenyewe. Yahifadhiwe kwa faili ya GPX, ambayo karibu vifaa vyote na programu zote za ramani husoma.

Upande wa pili wa kioo

Walinzi wa hifadhi nao hutembea na GPS. ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, inaendesha Upemba tangu 2017 kwa ushirikiano na shirika la Forgotten Parks. Katika hifadhi nyingi za Afrika, doria hurekodi njia, mitego na mizoga kwa programu ya SMART, kisha wakubwa huangalia ramani na kuamua wapi pa kupeleka watu. Mojawapo ya mizizi ya kazi hiyo ni CyberTracker, iliyobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na Louis Liebenberg ili wafuatilia-nyayo wasiojua kusoma waweze kurekodi walichoona kwa kugusa picha. Ujuzi wa mwindaji ndio uliozaa chombo cha mlinzi.

Linalolindwa si dogo. Upemba ina pundamilia wa mwisho wanaoishi porini nchini Kongo. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 2014 inaweka kifungo na faini kwa anayewinda ndani ya eneo lililolindwa, na mwindaji mwema hana sababu ya kuilalamikia. Kenya ilifunga uwindaji wote mwaka 1977, kwa hiyo huko swali la mpaka wa mwindaji halipo. Tanzania inagawa vitalu vya uwindaji chini ya mamlaka yake ya wanyamapori, TAWA. Kongo inaruhusu kuwinda kwa kibali, pamoja na vibali vya vijijini, lakini inamwacha mwenye kibali atafute mwenyewe mstari unaotenganisha haki na kosa.

Hapo ndipo penye upungufu. CAMI ina ramani ya vibali vya madini kwenye intaneti, na yeyote anaweza kuitazama. Mipaka ya hifadhi nayo ipo kwenye hifadhidata za kimataifa. Lakini mambo hayo yamewekwa kwa lugha na kwa namna ambayo mhandisi wa Lubumbashi anaielewa, siyo mzee wa kijiji cha Mitwaba. Faili moja ya GPX, yenye mipaka ya hifadhi, maeneo ya uwindaji na vibali vya madini, ingetosha simu ndogo kabisa. Ingeweza kutolewa pamoja na kibali cha kuwinda, au kuachwa kwa mtemi, ikielezwa kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema faili hiyo itawafaa majangili. Hoja hii isipuuzwe, ila ina jibu. Jangili anayefuata meno ya tembo hahitaji mstari wa mpaka. Anajua yuko ndani, na ndiyo sababu ameingia. Anayeuhitaji ni yule anayetaka kubaki nje. Doria za walinzi na mahali walipo wanyama ni siri, na zibaki siri. Mpaka wa sheria hauwezi kuwa siri, kwa sababu mtu anafungwa kwa kuuvuka.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu amri ya Agosti 2014, jamii za vijijini zinaweza kuomba msitu wao wenyewe, hadi hekta 50,000, na kuchora mipaka ni sehemu ya kazi hiyo. Haut-Katanga ina misitu ya namna hii. Katika kazi hiyo wanakijiji hutembea na GPS, wazee wakionyesha mito na vichuguu, majirani wakikubaliana. Mpaka uliotembelewa kwa miguu na pande zote mbili haugombaniwi kama ule uliochorwa ofisini.

Hadi siku hiyo ifike kwa hifadhi na migodi, mwindaji wa Likasi anayetafuta kifaa kipya ana mpangilio ulio wazi. Kwanza, kibali mkononi na swali kwa ofisi ya mazingira: wapi pameruhusiwa, na lini pamefungwa. Pili, mipaka yenyewe, iandikwe pamoja na namna yake ya digrii. Tatu, kifaa cha AA chenye ramani na kadi, kilichojaribiwa nje ya duka. Nne, bei. Anayeanza na ya nne anaweza kurudi nyumbani na kifaa kizuri sana, kisichomwambia kwamba hatua kumi mbele ni kwa mwingine.